Mja na Uchovu Wake

Mtoto wa pwani anayepelekwa chuoni, awe wa Ngamiani katika mji wa Tanga au wa Bweni ng'ambo ya mto Pangani, aghalabu huihifadhi Ayatul Kursiyyi kabla hajafikia umri wa kuyafahamu maneno yake, akawa huisoma kila usiku kabla ya kulala ili ajikinge na mashetani na ndoto mbaya, asitambue kwamba karibu na mwisho wa aya hiyo ulimi wake umeshuhudia jambo kubwa katika elimu ya tauhidi, nalo ni kuwa kuzihifadhi mbingu na ardhi hakumlemei Mwenyezi Mungu. Ushuhuda huo mtoto huutoa akisinzia. Amekimbia mchana kutwa, ametumwa dukani na kisimani, ameogelea hata macho yakawa mekundu, na sasa kope zinamzidi nguvu. Na baina ya Bwana asiyelemewa na msomaji asiyeweza kuifikisha aya mwisho pasipo kupiga miayo pana mpaka ambao wanazuoni wameuandikia majuzuu mengi, ilhali mtoto anao mwilini mwake.

Tumezoea kusema kuwa kifo ndicho kinachomjulisha mja kuwa ni mja. Sikatai, lakini kifo huja mara moja tu, na anayefikiwa nacho hana wasaa wa kukitafakari. Njaa nayo ni mwalimu, ila tajiri aweza kuiepuka umri wake wote asikutane nayo illa katika Ramadhani, tena kwa hiari yake. Uchovu hauzuiliki kwa mali wala kwa cheo: humjia sultani na mchukuzi, kadhi na mvuvi, humjia kila siku iendayo kwa Mungu, na hata aliyeamka na kiburi asubuhi hulazimika usiku kulala chali, mdomo wazi, hana habari na ufalme wake. Kwa sababu hiyo naona kuwa katika alama zote za hali ya uja hii ndiyo iliyo karibu zaidi na sisi, na ndiyo tuliyoidharau kuliko zote, kwa kuwa tunaidhani kuwa habari ya misuli na mifupa, si habari ya dini.

Surat Qaf inaeleza kuwa mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita na kuwa hapana uchovu uliomgusa Muumba, na wafasiri wamesema aya hiyo iliteremshwa kuwarudi waliodai kuwa Mungu alipomaliza kazi alipumzika siku ya saba. Habari hiyo ya siku ya saba huko Magila, karibu na Muheza, inasomwa tangu wamisionari wa Kiingereza walipofika katika miaka ya 1860, na kwa kuwa Wabondei wengi ni Wakristo na jirani zao wa pwani wengi ni Waislamu, hapana baraza katika upande wetu ambapo mashindano juu ya jambo hili hayajasikika walau mara moja, kahawa ikinywewa. Mashindano hayo, kwa fikira yangu, yanaishiwa nguvu mara tu kila upande unapofungua kitabu cha pili. Nabii Isaya naye anasema kuwa Mungu hazimii wala hachoki, na Zaburi inasema kuwa Mlinzi wa Israeli hasinzii. Basi siku ya saba haikuwekwa kwa haja ya Mwenye kuiweka. Iliwekwa kwa mtu, tena si kwa bwana wa nyumba peke yake, maana amri yenyewe inamtaja mtumwa, mjakazi, mgeni na hata ng'ombe. Na katika Kumbukumbu la Torati sababu inayotolewa ni kwamba waliopewa amri hiyo walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Hapo pana jambo ambalo washindani wa barazani hulipita haraka: amri ya kupumzika ilihitajika kwa sababu mtu huchoka, lakini ilihitajika zaidi kwa sababu yuko mtu mwingine awezaye kumzuia asipumzike.

Na katika Uislamu hata ibada haikuruhusiwa kuupita mpaka huo. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume aliingia msikitini Madina akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Bi Zainab, ambaye anaposali usiku akachoka huishika ili asianguke. Akaamuru ifunguliwe, akafundisha kuwa kila mtu asali wakati ana nguvu, akichoka aketi. Nimeisikia hadithi hii ikisomwa mara nyingi katika darasa za Ramadhani kama ni habari ya wepesi wa dini, na kweli ni habari ya wepesi; lakini ina ukali ndani yake kwa anayetaka kuusikia. Kamba ile ilikuwa ya mtu aliyejichosha mwenyewe, kwa mapenzi yake, katika jambo lililo bora kuliko yote, wala haikumdhulumu mtu. Na bado ikafunguliwa. Sasa mwenye kumfunga mwenziwe kamba ya namna hiyo, si kwa sala bali kwa faida yake, atajitetea kwa hoja gani?

Swali hilo si la vitabuni peke yake kwa mtu wa Tanga. Mwaka 1893, ambao ndio mwaka ule ule reli ilipoanza kujengwa kutoka bandarini kwenda bara, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Mingi ikafa, ikasalia 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalitokea mashamba yaliyoifuata reli kupita Pongwe, Ngomeni, Muheza, Korogwe na Mombo, mistari iliyonyooka mpaka jicho linachoka kuitazama, hata ilipofika miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa mbele ya nchi zote za dunia kwa kuuza singa za mkonge. Mmea wenyewe una tabia ya kumpendeza mwenye shamba: hauogopi jua, haubagui sana ardhi, hukatwa majani ukaota mengine kwa muda wa miaka kumi au zaidi, kisha hutoa mlingoti mmoja wa maua ukafa. Wenyeji wa pwani, waliokuwa na minazi yao na mihogo yao, hawakuupenda, maana mwiba wake hauna huruma na maji yake huwasha ngozi. Ikabidi watu watolewe mbali, Songea na Njombe, Uha na Urundi, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na idara yao ya kuajiri iliyoitwa SILABU, ambayo kazi yake ilikuwa kuwakusanya wanaume hao na kuwasafirisha mpaka kambini. Watu wakawaita manamba.

Manamba alipewa kipande, nacho kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ambazo kwa desturi zilitakiwa kukamilika ndani ya siku 42. Mkataji aliyefikisha kiwango chake cha mafungu ya majani 30 kila fungu alitiwa alama kwa siku ile. Asiyefikisha hakutiwa, hata kama alianza alfajiri na jua likamtulia kichwani. Nimefikiri sana juu ya kadi hiyo, kwa kuwa naiona ni andiko la falsafa kuliko waandishi wake walivyojua. Ilikuwa na maneno mawili tu ya kusema juu ya mwanadamu, kwamba amemaliza au hakumaliza, na katikati ya maneno hayo hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba amechoka. Lakini haki isemwe: kadi hiyo haikuwa pofu kabisa. Zile siku 12 za ziada zilikuwa ni maungamo ya kimya kwamba hata mnyapara na mwenye shamba na serikali walijua kuwa mtu si mashine ya korona ya kuchambulia majani, na kuwa ukimdai siku 30 mfululizo hazitatimia. Walijua, ila walichojua walikiingiza katika hesabu ya muda, wala si katika hesabu ya ujira, maana siku ya uchovu haikuwa na malipo, na mtu alichoka kwa gharama yake mwenyewe.

Hapa ndipo inapoingia hadithi nyingine, nayo hutumiwa na watu wema na watu wabaya sawasawa. Imepokewa kuwa Mwislamu hapatwi na uchovu, wala maradhi, wala hamu, wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Mungu humfutia kwa hayo baadhi ya makosa yake. Sina shaka kuwa wako waliokata mkonge miiba ikiwachoma na hadithi hii ikawatosha kuwavusha siku, na mtu asiyepata kukata hata jani moja hana ruhusa ya kuwacheka. Walakini maneno yale yale hubadilika yanapotoka katika kinywa kingine. Akiyasema aliyechoka, ni subira. Akiyasema daktari au sheikh aliyekuja kumtazama, ni faraja. Akiyasema aliyemchosha, ni wizi wa mara mbili, kwani amekwisha kuchukua nguvu za mtu na sasa anataka kumlipa kwa hazina ya Mungu badala ya hazina yake. Kufutiwa makosa ni baina ya mja na Mola wake, wala hakumpunguzii deni mwenye shamba hata senti moja. Na mwenye kutaka kujua deni lake anayo hadithi iliyomwelekea yeye, ile ya kumlipa mtenda kazi ujira wake kabla jasho halijakauka, ambayo ajabu ni kuwa haisikiki sana katika hotuba za watu wenye mali.

Pwani yetu isijitakase kwa kuwanyoshea kidole Wajerumani na Waingereza. Kabla ya mkonge palikuwa na miwa kandokando ya mto Pangani, na sukari guru iliyotoka huko ilichemshwa na watumwa, chini ya nokoa na kadamu, wasimamizi wanaosema Kiswahili kizuri, katika mashamba ya mabwana wanaofunga na kusali. Na hali ya utumwa haikuondolewa na sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Mabwana hao hawakukosa kusoma habari ya Abu Dharri, aliyemtukana mtu kwa mama yake, Mtume akamwambia kuwa bado ana ujahili ndani yake, kisha akamfundisha kuwa watumwa ni ndugu, walishwe anachokula bwana na wavishwe anachovaa, wasikalifishwe kazi ya kuwashinda; na wakikalifishwa, basi wasaidiwe. Amri ya mwisho ndiyo inayonishangaza kila niisomapo. Haikusemwa kwamba wakikalifishwa waombewe, wala kwamba wapewe mawaidha. Wasaidiwe, maana yake bwana ainame, ashike upande wa mzigo, achoke pamoja nao. Laiti agizo hilo lingalifuatwa mwezi mmoja tu katika mashamba ya Pangani, sijui kama pangalibaki shamba.

Mwenye shamba ana jibu, nalo si la kupuuzwa. Atasema kuwa uchovu hauonekani, na kisichoonekana husingiziwa. Kwamba yuko mtu ambaye huchoka kila inapofika zamu yake na kupona kila inapopigwa ngoma. Na kwamba biashara haiwezi kuendeshwa kwa madai ya matumbo na viuno ambayo hayana shahidi. Kweli hayana shahidi. Nikiumia mguu utaona damu, nikishikwa na homa utaniwekea mkono kipajini, lakini nikikuambia kuwa nimechoka sina kitu cha kukuonyesha isipokuwa kauli yangu. Ila sheria yetu imeyakuta mambo ya namna hii zamani, na haikuyatupa. Katika habari ya eda, kauli ya mwanamke juu ya hali ya mwili wake hukubaliwa, kwa kuwa jambo hilo halijulikani illa kwa upande wake; na kanuni hiyo haikusema kuwa hapana mwanamke asemaye uongo, bali imeona kuwa dhara ya kuwakadhibisha wote ni kubwa kuliko dhara ya kudanganywa na mmoja.

Mafakihi wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa pwani nzima, walikwenda mbali zaidi walipoulizwa juu ya wavunaji na wafanya kazi nzito katika mwezi wa Ramadhani. Walisema kuwa mtu huyo lazima anuie usiku kama wenziwe na aamke amefunga. Asianze siku kwa kudhani kuwa atashindwa. Kisha mashaka makubwa yakimfika katikati ya kazi, hapo aweza kufungua na kulipa siku nyingine. Hukumu hii ina adabu ya ajabu. Inamzuia mvivu, kwa kuwa haimpi ruhusa kabla ya saa yake. Na inamwamini mwaminifu, kwa kuwa haimtaki alete mashahidi wawili wa kuthibitisha kwamba magoti yake yanatetemeka. Mpaka umewekwa ndani ya mtu mwenyewe, na Mungu ndiye anayeutazama. Naona kuwa hakimu wa kazi au mwajiri wa leo, awe wa kiwanda au wa kampuni ya mabasi ya usiku, angeweza kujifunza mengi zaidi hapo kuliko katika mashine za kuhesabu dakika.

Nimesema juu ya mwili, lakini upo uchovu mwingine ambao mwili haukufanya kitu. Mtawa Evagrius, aliyeishi katika jangwa la Misri akafa mwaka 399, aliandika habari ya shetani wa adhuhuri, ambaye humvamia mtawa kuanzia saa nne mpaka saa nane, akamfanya alione jua limesimama, chumba chake akichukie, kazi ya mikono yake aione upuuzi, na kila mara atazame nje kama yuko ndugu anayekuja. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa saa hizo, maana Evagrius alihesabu tangu jua kuchomoza, kama tuhesabuvyo sisi. Na mtu aliyepata kukaa katika ofisi ya serikali mjini Tanga saa saba mchana, majalada mbele, upepo wa bahari umekatika, anamjua shetani huyo kwa sura. Tafauti ya uchovu huu na ule wa kwanza ni kuwa usingizi hauuponyi. Mkataji mkonge akilala huamka ana kitu. Aliyechoka moyo huamka na uchovu wake umeketi kitandani unamngoja.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui, alikuwa karani karibu umri wake wote wa kazi, katika forodha na katika ofisi nyingine za serikali, kwa hiyo alikuwa na ujuzi wa kutosha wa saa saba mchana. Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichotoka mwaka 1968 naye amekwisha kufariki, alimtoa mtu aitwaye Utubora katika kazi ya mshahara mjini akampeleka Busutamu kushika jembe. Wasomaji wengi hukichukua kitabu hicho kuwa ni sifa ya kilimo. Mimi hukiona ni uchunguzi wa uchovu, kwani Utubora hakukimbilia raha. Jembe linachosha kuliko kalamu, na mwandishi alilijua hilo. Alikwenda kutafuta uchovu ambao ni wake, unaoanza na kumalizika ndani ya nia yake mwenyewe, badala ya ule ambao mtu huutoa kwa mwingine kila mwezi akalipwa.

Jambo moja lanizuia nisimsifu Utubora kupita kiasi. Wako watu ambao hawana Busutamu ya kukimbilia, na wengi wao wamo majumbani mwetu. Mwanamke wa kijiji cha Kigombe aamkaye kabla ya adhana, akachota maji, akakuna nazi, akasuka makuti au ukili mchana kutwa, akamwogesha mtoto na mkwe mzee, hana kipande hata kile kibaya cha manamba, maana kazi yake haina siku ya 30 wala ya 42. Akisema amechoka huambiwa kwani amefanya nini. Hadithi ya Salmani na Abu Dardai, inayotufundisha kuwa Mola ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, husomwa kwa wanaume ili wasipitishe ibada mpaka wakasahau wake zao. Sijapata kuisikia ikisomwa kwa mume ili akumbuke kuwa mkewe naye anayo nafsi yenye haki yake. Na Abu Dardai alionywa kwa sababu Salmani aliingia nyumbani kwa nduguye huyo akamwona mke wa Abu Dardai katika hali ya kujitupa, akauliza kuna nini. Alianza kwa kumtazama mwanamke.

Limebaki swali ambalo limenishughulisha muda mrefu. Ikiwa uchovu ni alama ya mja, mbona watu wa Peponi hawachoki? Surat Fatir inawaonyesha wakimshukuru Mola kwamba amewakalisha katika makao ya kudumu kwa fadhila zake, ambamo haiwagusi taabu wala hauwagusi uchovu, nao ni uchovu ule ule ambao Surat Qaf inasema haukumgusa Muumba. Je, mja ameingia katika sifa isiyo yake? Hasha. Mola hachoki kwa dhati yake, na wao hawachoki kwa kupewa; walichopewa chaweza kutajwa, na ndivyo wanavyofanya, wanakitaja. Lakini kutaja kwao kunanifanya niamini kuwa kumbukumbu ya uchovu imeingia nao mlangoni, maana shukrani ya kutoguswa na uchovu haina maana katika kinywa cha asiyepata kuguswa nao. Mkataji wa Ngomeni atayasema maneno hayo akijua kila herufi yake. Ama mtu ambaye duniani wengine walimchokea, tangu alipozaliwa hata alipofungwa sanda, akisamehewa akaingia, sijui atayasema kwa maana gani.